Maswali Aliyoyakimbia Binamu Yangu

Siku hizi ikitajwa asaimenti, lawama zote hutwikwa akili unde. Eti tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, kazi ya nyumbani imekufa. Mimi naomba kupinga kidogo. Kazi hiyo iliugua zamani, na najua kwa sababu ugonjwa wenyewe ulininunulia sare ya Kidato cha Kwanza.

Binamu yangu alikuwa raita. Usiku kucha aliwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, hasa wa Marekani, wengi wao wakisomea mtandaoni. Vijana wengi wa Kenya walikula kwa kazi hiyo, na hata Uingereza ilipopitisha sheria mwaka wa 2022 ya kuharamisha biashara ya insha za kuuzwa, wateja wa kwingine walibaki. Binamu hajawahi kuingia wodi ila kumwona mgonjwa, lakini alimwandikia mwanafunzi wa uuguzi kurasa kumi kuhusu kuosha vidonda. Mteja akapata A, sisi tukala kuku.

Sasa sikilizeni. Kuna kazi alizozikataa, hata zenye pesa nzuri. Siku moja nikamwuliza, "Mbona hii umeiacha?"

"Wee, hii siwezi. Wanataka aeleze alichofanya wodini wiki hii, aoneshe alivyosahihisha kazi ya wiki jana, kisha mwalimu ampigie simu ya video amwulize kwa nini aliamua hivyo. Nitamjibia vipi?"

Jamani, huo ndio mtihani! Swali linaloweza kujibiwa na mtu aliyelala chumbani kwetu, mashine nayo italijibu, tena bure. Kweli, mashine inaweza kubuni wodi nzima na wagonjwa wake. Ndiyo maana maandishi pekee hayatoshi, lazima mwenyewe aulizwe. Kamera za kumkodolea mtahiniwa macho zinaweza kumnasa anayechungulia kando, lakini swali bovu linabaki bovu.

Ugumu ni muda. Darasani tuko 52. Dakika kumi kwa kila mmoja ni dakika 520, karibu saa tisa, na mwalimu ana madarasa mengine. Kwa hivyo napendekeza kura. Tukienda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, kila mtu aandike, kisha watano waokotwe waulizwe: nani alikuimbia wimbo huu, alikuwa akifanya nini, mbona ukaacha ubeti ule? Kwa kuwa hujui kama ni wewe, utaenda kwa nyanya yako kwelikweli.

Binamu naye kazi zilikauka. Amenunua mashine ya kunyolea, kibanda kiko karibu na steji. Kichwa cha kwanza kilikuwa changu. Mama aliponiona alicheka mpaka akakaa chini.