Mabati Thelathini na Mawili

Mwaka jana, msimu wa kahawa ukiwa katikati, mjukuu wangu alirudi Isansa kutoka Tunduma akiwa na begi moja la mgongoni. Hakusema kwamba amekwama. Alitusalimia, akanawa mikono, akaja kusimama upande wa pili wa kichanja, tukawa tunachambua kahawa ya maganda pamoja. Jua la saa kumi lilikuwa limelalia paa la nyumba yangu. Akayatazama mabati kwa kitambo, kisha akauliza, “Babu, nyumba hii uliijenga kwa miaka mingapi?”

Nikampa jibu nililolizoea: “Niliijenga kwa jasho, mjukuu wangu.”

“Jasho najua, babu. Nimeuliza miaka.”

Usiku ule usingizi haukuja. Nilimwomba bibi yake anitolee daftari langu la zamani ndani ya sanduku. Jalada limekwisha kutoka na panya wamekula pembe moja, lakini mwandiko wa kalamu ya risasi bado unasomeka: magunia, kilo, malipo ya kwanza, malipo ya pili. Mwishoni mwa ukurasa mmoja wa mwaka 1978 nimeandika: mabati 32, misumari ya bati kilo 4, fundi amelipwa. Tofali tulianza kuzifyatua mwaka 1976. Miaka miwili, basi. Nilikuwa na umri wa miaka 27.

Kwa muda mrefu nimesimama kwenye mikutano ya kijiji, na hata misibani, nikisema vijana wa siku hizi hawataki kazi. Nimeyasema hayo mbele ya vijana wenyewe, nao wakainamisha vichwa kwa adabu. Usiku ule daftari lilinisuta, kwa sababu nilipolisoma taratibu niliona yale ambayo sikuyaandika.

Sikuandika shamba. Baba alinipa ekari sita mwaka 1973, siku chache kabla sijaoa. Hakuniuzia, wala hakusubiri mpaka afe. Aliwaita wazee wawili, tukatembea mpakani kuanzia kijitoni hadi kwenye mti mkubwa, akaniambia, “Kuanzia leo usiniombe ruhusa ya kulima hapa.” Naye hakuwa ameinunua ardhi hiyo, alifyeka msitu. Operesheni Vijiji ilipokuja, nyumba yake ilisogezwa kwenye mstari wa kijiji, lakini mashamba yakabaki yetu.

Sikuandika reli. Fedha yangu ya kwanza niliipata nikifanya kibarua cha kuchimba mitaro TAZARA ilipopita wilayani Mbozi. Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma na kibarua kikaisha, lakini nilikuwa tayari na fedha ya majembe na ya kumlipa mtu anisaidie kuchimba mashimo ya mibuni.

Wala sikuandika sakitu ya Brazil. Julai 1975 baridi iliunguza mibuni ya huko, kahawa ikaadimika duniani, na kufikia 1977 bei ilikuwa imepanda kuliko tulivyowahi kuona. Serikali ilichukua sehemu yake kubwa, na vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, lakini hata kile kilichotufikia wakulima wa Isansa kilitosha kununua bati. Mbolea tulikopeshwa, tukakatwa kwenye mauzo. Bwana shamba alikuja kwa baiskeli mpaka shambani na kutuonyesha jinsi ya kupogoa. Majirani walikuja kufyatua tofali na kupanga tanuri kwa ugali na togwa, kwa kuwa zamu yao ingefika nami ningekwenda kwao. Na maji ya tofali zote hizo aliyachota mke wangu kwa ndoo, kutoka mtoni, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Jina lake halimo daftarini hata mara moja.

Jasho langu lilikuwa la kweli, na simruhusu mtu alidharau. Lakini liliangukia kwenye udongo uliokuwa unalingoja.

Asubuhi nilimwambia mjukuu naye anihesabie ya kwake. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Tunduma, akaanza kwa kupakia mahindi kwenye malori. Baadaye alipata pikipiki ya mkataba. Kwa wasioujua mkataba huo, ni hivi: tajiri anakukabidhi pikipiki, unampelekea hesabu kila siku, na muda mliokubaliana ukitimia pikipiki inakuwa yako. Wa kwake ulikuwa wa miezi 16, hesabu shilingi 10,000 kwa siku. Alikuwa barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Mwezi wa kumi na tatu ulipokwisha aligongwa, akaumia mguu, akalala wiki tano bila kupeleka hesabu. Tajiri akaichukua pikipiki. Mkataba ulisema hivyo.

Nilichukua kalamu. Miezi 13, siku 30 kila mwezi, shilingi 10,000. Ni milioni tatu na laki tisa. Bati la kawaida nilikuwa nimelinunua Mlowo mwezi uliotangulia kwa shilingi 30,000. Nikagawanya mara mbili nikidhani nimekosea: mabati 130. Nyumba yangu ina mabati 32. Kijana huyu, kwa miezi 13 tu, amelipia paa za nyumba nne kama hii, na hana hata msumari. Juu ya hayo alilipa kodi ya chumba kimoja, shilingi 35,000 kwa mwezi, miezi sita mbele kila mara, kwa nyumba ambayo hata siku moja haitakuwa yake.

Nani basi amwambie huyu kwamba hajafanya kazi? Nilimwangalia mguu wenye kovu na nikaona aibu kwa yale niliyokuwa nikiyasema mikutanoni.

Kilichotokea kati ya daftari langu na hesabu yake wengi wa rika langu tunakijua, tulikiishi. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Miaka ya mwanzo ya tisini ruzuku ya mbolea iliondolewa, na kufikia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia. Wakaja na magari na fedha mkononi, wakanunua hata kahawa iliyo mtini kwa mwenye shida. Kufikia 2001 bei ilikuwa chini kiasi kwamba jirani yangu aling'oa mibuni na kupanda mahindi. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972 ili Mtanzania akope ajenge, ilifungwa mwaka 1995, ingawa sisi wa vijijini wengi wetu hatukuwahi kuuona mlango wake.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya bei. Bei imerudi. Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola nne kwa ratili kwenye soko la dunia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ruzuku ya mbolea nayo ilirudi msimu wa 2022/23. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Mbimba, hapa hapa Mbozi, kimetuletea miche ya Kompakti isiyosumbuliwa na chulebuni wala kutu ya majani, tofauti na ile tuliyokuwa tukiinyunyizia sumu mwaka mzima. Fedha ipo kwenye kahawa, ila inamwendea mwenye mibuni. Na mwenye mibuni ni sisi wazee.

Hapo ndipo palipo na kidonda changu. Mwaka 2004 niliuza ekari mbili, zile za kando ya barabara, kwa mtu aliyetoka mjini. Nilisema nauza kwa ajili ya ada. Ada ilikula nusu. Nusu nyingine siwezi kuonyesha ilipokwenda. Sikumwuliza mtoto hata mmoja, wala sikumwambia mama yao mpaka mnunuzi alipokuja na kamba ya kupimia. Leo shamba lile limejaa Kompakti, limepandwa kwa mistari iliyonyooka kama nyuzi, na wakati wa mavuno vijana wa kijiji huchuma pale kwa kulipwa kwa debe. Msimu ule aliporudi, mjukuu wangu alichuma pale wiki mbili. Jioni alirudi na mikono myeusi kwa utomvu, amechuma kahawa kwenye udongo ambao babu yake alipewa bure.

Na sikuwa peke yangu. Piteni barabara yoyote ya Mbozi muulize mashamba ya kando ya njia yalikuwa ya nani. Tuliuza kwa sababu ya ugonjwa, mahari, ada, na wengine kwa sababu mtu alitutolea noti mpya. Huku watu wakiongezeka. Kwa sensa ya 2012 mkoa huu, uliokuwa bado sehemu ya Mbeya, ulikuwa na watu karibu milioni moja. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni moja na laki tatu. Tunduma peke yake imetoka chini ya laki moja hadi zaidi ya laki mbili katika miaka hiyo kumi. Hao wengi ni watoto wetu, wamekwenda mpakani kutafuta kiwanja cha kulipia kwa sababu nyumbani hatukuwabakizia cha kupewa.

Kuna jingine, nalo halisemwi kwa sababu linatugusa sisi tulio hai. Baba alinipa ardhi nikiwa na miaka 22. Mwanangu wa kwanza ana miaka zaidi ya 50, na mpaka mwaka jana alikuwa bado ananiomba ruhusa ya kupanda maharage. Tumejaliwa umri mrefu kuliko baba zetu, tunashukuru Mungu, lakini ardhi tumeishika mpaka kaburini. Kijana anarithi akiwa tayari mzee, mgongo umekwisha. Nguvu za miaka ya ishirini anakuwa amezimalizia kwenye pikipiki ya tajiri.

Wilaya ya Mbozi ilikuwa ya kwanza nchini kutoa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tulijivuna. Yangu niliifunga kwenye plastiki. Siku ile wanaandikisha, karani aliniuliza kama jina la mama liingie. Sheria inaruhusu, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Nikajibu kwamba nyumba ina kichwa kimoja. Mke wangu alikuwa anaanika kahawa hatua chache kutoka pale, alisikia, hakusema neno. Miaka yote hiyo nimedhani ukimya ule ulikuwa kukubali.

Baada ya mavuno niliwaita wanangu watano, wa kike watatu na wa kiume wawili. Nimebakiwa na ekari nne. Nikasema moja ibaki yangu na mama yenu, tatu mgawane sawa. Ndugu yangu mmoja alinivuta pembeni: “Kaka, ukigawa ukiwa hai watakusahau. Na hao wa kike wameolewa, unawapa wakwe.” Nilimjibu kwamba wa kike ndio walioninunulia dawa nilipougua presha, na kwamba anayetaka kunisahau atanisahau hata hati ikiwa chini ya mto wangu. Hakufurahi. Mpaka leo tunasalimiana kwa ufupi.

Ekari tatu kwa watu watano ni zaidi kidogo ya nusu ekari kwa kila mmoja. Si ekari sita. Baba yake mjukuu wangu alimwachia fungu lake lote, akasema yeye atabaki na mimi kulima ile moja. Sitamdanganya kijana huyu kwamba atajenga kwa miaka miwili kama nilivyojenga mimi. Kahawa itaanza kumpa kitu cha maana mwaka wa tatu. Kabla ya hapo atapanda maharage katikati ya mistari, na siku nyingine atarudi Tunduma kutafuta kibarua. Nyumba yake, akijaliwa, itamchukua miaka minane au kumi. Lakini kila bati atakalonunua litakuwa na mahali pa kukaa.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliofuata nilisimama tena. Safari hii nilisema kuwa kabla hatujamkubalia mgeni yeyote ardhi, tuorodheshe kwanza vijana wetu wasio na shamba, wa kike kwa wa kiume, kwa maana mkutano ule ndio wenye kauli juu ya ardhi ya kijiji. Wapo waliopiga makofi. Wapo walioangalia chini, na nafahamu sababu, kwa kuwa wapo miongoni mwetu wenye wanunuzi wanaowasubiri. Jambo hilo limeahirishwa mara mbili. Nitalirudia.

Tulipokwenda kubadilisha hati, mke wangu aliulizwa kama anajua kuandika. Aliichukua kalamu, akaandika majina yake matatu polepole, herufi moja moja, kisha akaisogeza karatasi kwangu. Njiani kurudi nilimwomba radhi kwa siku ile ya karani. Akasema, “Nilisikia,” akaendelea kutembea.

Mashimo ya kahawa yanachimbwa urefu, upana na kina cha sentimita 60. Mjukuu wangu alikata fimbo ya kipimo hicho, akawa anaitumbukiza kila shimo kabla ya kuhamia lingine. Mguu bado unamsumbua, anapumzika mara kwa mara akiegemea mpini wa jembe. Siku ya kwanza nilikaa kwenye gogo nikimtazama. Alipofika shimo la kumi na moja giza lilikuwa limeingia na bibi yake anatuita tukale. “Nimalizie hili, babu,” akasema. Nikainuka, nikamshikia tochi ya simu.