Kuongeza Si Kurundika

Msomaji kijana, nyumba ikipungukiwa, wazo la kwanza la mwenye nyumba ni kuongeza. Chakula hakitoshi, huongeza unga. Nafasi haitoshi, huongeza chumba. Nuru haitoshi, huongeza taa. Wazo hili si baya, lakini halijakamilika. Kuongeza kwataka kutanguliwa na kupima. Nisemayo hapa niliyaona juu ya paa la nyumba yangu mwenyewe.

Nakaa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay. Nyumba yangu iko mlimani, mbali na nyaya za umeme. Usiku tukitazama chini twaona taa za wavuvi wa omena zimetandaa majini. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wako wavuvi watumiao taa za betri zilizojazwa kwa jua. Jua lile lile ndilo lituangazialo nyumbani.

Mwaka 2021 nilifungiwa paneli moja ya wati 50, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, na kisanduku kisimamiacho umeme uingiao na utokao katika betri, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kontrola yangu yaweza kupitisha ampea 10, wala si zaidi. Taa nne, redio na simu zetu zilitosheka.

Mwaka 2023 ndugu yangu alifariki dunia, na watoto wake watatu wakaja kukaa nasi. Mgeni hukaribishwa kwa chakula na malazi. Mtoto asomaye hukaribishwa pia kwa taa. Mkubwa wao alikuwa kidato cha tatu. Tuliongeza taa tatu, lakini kila ilipofika saa mbili na nusu za usiku kontrola ilikata umeme ili betri isikauke, naye akafunga kitabu kabla ya kumaliza hesabu zake. Hakulalamika hata siku moja. Mtoto aliyefiwa hujifunza upesi kutoomba, na kimya chake kiliniuma kuliko manung'uniko.

Nilikuwa na akiba ndogo niliyoiweka kwa ajili ya nyavu. Muuzaji mmoja wa ng'ambo alinishauri niitoe yote ninunue paneli ya wati 200, kwa kuwa kikubwa, alisema, hakikosi kutosha. Kabla ya kutoa fedha nilimwita fundi mwenye leseni. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kutaka mitambo ya umeme wa jua ifungwe na mafundi wa namna hiyo, na nilipomwona akifanya kazi nilifahamu sababu yake.

Fundi hakupanda paa. Aliketi, akaomba karatasi na kalamu. "Mzee," alisema, "tuhesabu kwanza tunachokula, ndipo twende sokoni." Tukahesabu. Taa saba za wati 5, zikiwaka saa tano kila usiku, hula wati-saa 175. Redio hula 50, na simu 25. Jumla ni wati-saa 250 kwa siku. Paneli ya wati 50, ikipata jua la kutosha kwa saa tano, hutoa 250 pia. Lakini karibu theluthi moja hupotea kwa joto, katika nyaya na ndani ya betri. Zilizotufikia zilikuwa kama 165. Hapo upungufu wetu ulipata jina na kiasi: wati-saa 85.

Kisha alikagua kila kiungo. Betri aliipima, akaiona ingali nzima. Ilikuwa na wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri ya namna ile haifai kushushwa chini ya nusu, tulikuwa na 600, yaani chakula cha siku mbili na zaidi. Laiti ingalikuwa mbovu, paneli mpya isingalisaidia kitu. Mtungi uliotoboka haujai kwa kuongezewa mto. Juu ya paa alikuta tawi la mwembe limekua na kutia kivuli pembeni mwa paneli alasiri. Seli za paneli zimefungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, hata chache zikifunikwa, nguvu ya nyingi hupungua. Tawi likakatwa. Hiyo ilikuwa nyongeza ya kwanza, na haikugharimu hata senti moja.

Baada ya hayo tukaitazama paneli ya wati 200. Peke yake ingalitoa kama ampea 11. Pamoja na ile ya zamani, 14. Kontrola yangu ni ya ampea 10. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na pembamba petu palikuwa hapo. Ningalinunua paneli kubwa, ningalilazimika kununua na kontrola nyingine, na fedha zisingalitosha.

Tulinunua paneli ya wati 50, yenye volti sawa na ile ya kwanza. Fundi aliziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zikiunganishwa hivyo volti hubaki zile zile na ampea hujumlishwa: tatu na tatu, sita. Zingalifungwa mfululizo, volti ndizo zingalijumlishwa, na kontrola yangu haikuundwa kwa hilo. Aliilaza paneli kwa mteremko mdogo, maana hapa karibu na Ikweta jua hupita juu ya vichwa vyetu, na mteremko huo hutosha mvua kuosha vumbi.

Tangu siku ile taa iliwaka mpaka saa nne na nusu, na sehemu ya fedha za nyavu ilibaki. Kijana alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Sisemi kwamba taa ndiyo iliyomfanyia mtihani. Nasema kwamba hakuzuiwa tena kumaliza hesabu zake.

Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza kama sehemu 6 katika 100 za nuru ya jua kuwa umeme. Paneli nzuri za leo hupita sehemu 20. Elimu imeongeza nguvu za paneli, lakini haikuondoa haja ya karatasi na kalamu. Basi, msomaji, utakapopungukiwa na fedha, na wakati, au na nuru, usikimbilie kurundika. Uliza kwanza kiasi gani kimepungua, kinavujia wapi, na kiungo kipi ndicho chembamba. Ukijua hayo, kidogo utakachoongeza kitafika mahali pake.