Hesabu ya Chini ya Miti

Siku hizi Kenya kila mtu anahesabu miti. Serikali ilitangaza 2022 ati tutapanda bilioni 15 kufikia 2032. Mimi hulipwa kuandikia watu maneno ya kampeni kama hizo. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na landilodi hajali uliachia wapi. Idadi ya miche ndiyo huenda kwenye kichwa cha habari. Udongo? Hautajwi.

Na si udongo ndio benki yenyewe? Mwaka wa 2013, Karina Clemmensen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu visiwa vya misitu kwenye maziwa ya kaskazini mwa Uswidi. Visiwa vikubwa hupigwa na radi na kuungua mara nyingi. Vidogo vimekaa maelfu ya miaka bila moto, kaboni ikirundikana tu. Ungedhani ni ya majani yaliyoanguka. Wapi! Asilimia 50 hadi 70 ilitoka chini, kwa mizizi na kuvu zinazoishi nayo.

Ni biashara, wala si mapenzi. Mti unapika sukari kwa jua. Kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, inauchimbia nitrojeni na fosforasi mahali mzizi haufiki, halafu inalipwa kwa sukari hiyo. Nyuzi zikifa, sehemu ya mabaki yake hukaa udongoni muda mrefu. Lakini si zote ni waweka akiba. Baadhi ya Cortinarius huvunjavunja mboji ya zamani kutafuta nitrojeni, na kaboni inarudi hewani. Kwa hivyo swali si miti mingapi pekee, ni nani anaishi chini yake.

Sasa mwambie hayo anko wangu. Kwenye shamba la babu kimebaki kichaka cha miti ya kienyeji, mingine imezidi umri wa babu mwenyewe. Anko anataka king'olewe, tupande mikaratusi, nguzo zina soko. "Mti ni mti," anasema, na mezani pale aliyeacha chuo haulizwi kitu.

Nimempigia hesabu yake: mikaratusi iende ule upande wa juu, ulioachwa wazi tangu mahindi yakatae. Kichaka kisiguswe, mizizi isifukuliwe. Familia inakutana Desemba. Shangazi wawili wako upande wangu. Nahitaji mmoja zaidi.