Mtoto Amepata Diploma. Atalala Wapi?



Kila mwaka matokeo ya Egzeta yakitoka, Ruashi yetu hailali. Poda nyeupe inamwagwa kichwani mwa mtoto, teksi zinapiga honi, majirani wanakuja kucheka na sisi. Kisha mabishano yanaanza: asome sheria, asome uganga, asome ualimu. Baba ana neno lake, mjomba wa Kolwezi ana lake, na hata ndugu aliyehamia Afrika Kusini anapiga simu. Kwa habari ya fakulte kila mtu ni mwalimu. Lakini swali la pili, la mahali mtoto atakapolala miaka yote hiyo, tunaliacha mpaka juma la mwisho, na mara nyingi linajibiwa na mtu mmoja kwa neno moja: atakaa kwa shangazi yake.

Mwaka huu wasichana watatu wa kikundi chetu wamepata diploma, na wote watatu wanakwenda Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tuliamua kulizungumza mapema, mkutanoni, mbele ya wote, kama tunavyozungumza mambo ya likelemba.

Aliyetuchokoza ni mwenzetu mmoja mwenye dada Uingereza. Dada alituma sauti kwa simu: binti yake anaomba nafasi Oxford, na fomu inamuuliza anataka chuo kipi. Tulishangaa. Si amekwisha kusema Oxford? Akatueleza. Kule chuo kikuu ni kimoja, lakini ndani yake mna vyuo vidogo zaidi ya 30, na kila mwanafunzi lazima awe wa kimojawapo. Katika chuo kile kidogo ndimo anamolala, anamokula, na walimu wa karibu wanamfuata humohumo. Anaweza kukichagua mwenyewe, au akaacha wamtafutie. Cambridge ni vilevile. Kwa ufupi, kitanda na masomo vinaombwa kwa karatasi moja.

Tukamwomba atafute zaidi, na habari aliyoleta ilitufanya tunyamaze kidogo. Pale Cambridge wanawake walianza na nyumba kabla ya diploma. Mwaka 1869 mama mmoja, Emily Davies, alikodi nyumba katika mji wa Hitchin, akaweka wasichana watano wasome. Mwaka 1873 wakahamia Girton, karibu na Cambridge yenyewe. Lakini chuo kikuu kiliwapa wanawake digri kamili mwaka 1948 tu. Hesabuni wenyewe: miaka 79 ya kulala, kula na kusoma pale, bila digri. Kama wasingekuwa na mahali pa kulala, nani angewakumbuka?

Kwetu karatasi ni mbili, na ile ya pili hakuna anayekupa. Chuo kikuu chetu kilifungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 Serikali ilivichanganya vyuo vikuu vyote vya nchi vikawa kimoja, na fakulte zikagawanywa kati ya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Wanafunzi walikuja huku kutoka pande zote za nchi, watu wasiokuwa na shangazi hapa. Ndiyo maana nyumba za wanafunzi, zile tunazoziita home, zilikuwa mji ndani ya mji. Hata kilipopata tena kusimama peke yake mwaka 1981, desturi hiyo haikuondoka. Anayetoka Kalemie au Kamina anatafuta home. Anayetoka Ruashi anaambiwa: wewe una kwenu.

Na kuna sababu nyingine, ambayo wamama waliopita miaka hamsini hawahitaji kuelezwa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika home za Kasapa na kuwashambulia wanafunzi vitandani mwao. Serikali ya wakati ule ilisema aliyekufa ni mmoja. Wengine walihesabu makumi, na hesabu hiyo inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ilikata msaada wake kwa sababu ya usiku ule. Mwenzetu mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na mtoto mgongoni, alisema mkutanoni kwamba mtu akimtajia neno home, yeye anasikia milango ikipigwa. Hatukumwambia kwamba ni mambo ya zamani. Tuliacha aseme mpaka amalize, kisha tukaendelea polepole.

Tulituma watu wanne kwenda kutazama. Tulikwenda siku ya kazi, jioni, kwa sababu Jumapili asubuhi kila nyumba imefagiliwa. Na tulikuwa na maswali yetu: maji yanatoka wapi, mlango unafungwa kwa nini, choo kiko mbali kiasi gani na kitanda, na nani mwingine anao ufunguo.

Home ina uzuri wake, tusiseme uongo. Mtoto anaamka, anavuka kiwanja, yuko darasani. Usiku wanafunzi wanakaa pamoja na kuulizana maswali, na yule aliyeelewa somo anawasaidia wengine. Hiyo nayo ni shule. Shida inayojulikana katika vyuo vikuu vya Serikali nchini kote ni wingi. Chumba kinaandikwa watu fulani, wanalala mara mbili yao, kwa sababu kila mwenye kitanda ana ndugu au rafiki asiye na kitanda. Hao wageni wa kudumu wanafunzi wanawaita makizari. Usimcheke makizari, ni mtoto wa mtu. Lakini mama anayemlipia binti yake kitanda ajue kwamba pengine analipia nusu ya kitanda.

Fuaye ya masista ilitupendeza sisi kuliko ilivyowapendeza wasichana. Sakafu inang'aa, kuna tanki la maji, kuna mlinzi, na mlango unafungwa jua linapozama. Tulitabasamu wote wanne. Ndipo msichana mmoja tuliyekwenda naye akauliza: na siku ambayo mwalimu anaingia darasani jioni, nitalala nje? Sista alijibu kwa upole kwamba ruhusa inaombwa mbele, kwa barua. Mwalimu anayechelewa, wamama, hatumi barua. Hata hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na saba, tena asiyejua mji, tungeshauri fuaye bila kusitasita, kama pesa ipo. Kwa watatu hawa pesa haikuwapo.

Kwa shangazi sasa. Hapa tunasema kwa sauti ya chini kama kawaida yetu, lakini tunasema. Kuna shangazi wa dhahabu, na wengi wetu tulilelewa nao. Kuna pia nyumba ambamo mwanafunzi ni mfanyakazi asiyelipwa: anafua, anabeba watoto, anauza barafu mlangoni, na kitabu anakigusa watu wakilala. Na kuna nyumba ambamo hatari si kazi. Kila mama anajua nyumba gani katika ukoo wake hawezi kumpeleka binti yake, hata kama hajawahi kumwambia mume wake kwa nini. Ujuzi huo ni halali. Utumieni, hata kama hamtoi maelezo.

Tulikaa muda mrefu zaidi juu ya njia ya nne, ile inayoonekana haina gharama: mtoto abaki Ruashi. Jumanne moja wawili wetu tulikwenda Kasapa na kurudi, tukiwa na saa mkononi. Bisi ya kwanza mpaka mjini, bisi ya pili mpaka kampasi. Pamoja na kungoja, ilitula saa moja na nusu, na kurudi jioni ikawa zaidi kwa sababu watu walikuwa wengi na bisi chache. Basi tuseme saa tatu kwa siku, saa kumi na tano kwa juma. Hizo ni siku mbili za kazi. Ongezeni nauli ya bisi nne kila siku, mwezi mzima, mkaiweke kando ya kodi ya chumba. Sisi tulipoziweka kando kwa kando, tofauti ilikuwa ndogo kuliko tulivyofikiri.

Lakini nauli si yote. Msichana anayelala nyumbani anaamka kabla ya jua kwenda foraji na bido, anafagia parsele, anawasha mbabula kwa ajili ya wadogo zake, halafu ndipo anakwenda kusoma. Akirudi giza limeingia, bukari haijasongwa, na sombe inamngoja. Umeme ukiwapo ni saa ya kupiga pasi nguo za baba. Kaka yake aliye chuo kikuu hicho hicho, katika nyumba hiyo hiyo, anafika, ananawa mikono, anakula, anafungua daftari. Wote wawili wanalala bure, lakini wa kike analipa kwa saa, na saa hizo ndizo ambazo mtihani unazidai. Kitanda cha nyumbani ni cha bei nafuu kwa mama na cha bei kali kwa binti.

Mmoja wa wale watatu ni wa kwanza kati ya watoto sita. Mama yake anauza unga sokoni, na bila binti huyo hajui nani atabaki na mdogo wa mwisho. Baba yake alikuwa amesema wazi: msichana anayepanga chumba amepotea, na kama lazima apange, basi asisome. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotutia hofu. Watoto wawili wa mtaa wetu tuliwaona wakiacha masomo kwa neno kama hilo.

Tuliona kwanza tumuulize mwenyewe, maana mikutano miwili ilikuwa imepita na hakuna aliyemuuliza. Alitazama chini, kisha akasema: "Wamama, nataka mahali ambapo naweza kusoma usiku bila kuitwa." Hakutaja home wala fuaye wala umeme. Alitaka asiitwe.

Tukapata chumba. Ni kwa mama mjane, parsele yenye ukuta, si mbali na njia ya Kasapa, foraji iko ndani. Chumba kimoja kikubwa, wasichana watatu wa Ruashi, magodoro matatu, meza moja. Mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi mitatu. Mama muuza unga alikuwa wa tisa katika likelemba, na aliyekuwa wa pili alimwachia zamu yake. Hakuombwa. Alisema tu kwamba vitambaa vyake vinaweza kungoja.

Kwa baba walikwenda watatu, wakiongozwa na mkubwa wetu, ambaye anamjua tangu hajaoa. Hawakumbishia. Mkubwa wetu alimwambia, "Baba, sisi hatukuja kukunyang'anya mtoto. Tumekuja kukuuliza: akirudi na bisi ya mwisho usiku, wewe unamngojea kituoni?" Akanyamaza. Kisha akauliza jambo moja, na lilikuwa swali la baba kweli: nani atashika ufunguo? Wakamjibu kwamba funguo ni tatu, za wasichana, na ya nne iko kwa mama mjane. Hakuna kaka, hakuna rafiki, hakuna mfadhili. Akataka kwenda kuona mwenyewe. Alikwenda, akasukuma ukuta kwa mkono, akatikisa komeo, akakubali semesta ya kwanza tu. Baada ya hapo, alisema, tutaona matokeo.

Mfadhili tumemtaja makusudi. Chumba ambacho mama hajui nani anakilipia, kina mwenyewe. Kama binti anasema kodi imekwisha kulipwa na wewe hukulipa, usifurahi haraka. Ndiyo sababu risiti za chumba hiki zinawekwa katika daftari ya kikundi, na kila mama anaweza kuzitazama.

Mtu mmoja mkutanoni alisema kwamba hata yule Emily wa Hitchin alianza na nyumba ya kukodi. Tulicheka, kwa maana sisi tuna wasichana watatu tu, na meza yetu mguu mmoja unalegalega. Lakini tangu siku ile chumba hicho tunakiita Girton, na mama mjane anadhani ni jina la mtakatifu.

Mambo hayajanyooka yote. Mdogo wa mwisho wa mama muuza unga anashinda kwa zamu katika nyumba zetu, na Alhamisi bado hakuna aliyejitoa. Kodi ya mwezi wa nne haijapatikana. Wale wasichana wamekwisha kugombana mara moja juu ya sabuni. Kila Jumamosi mama mmoja anakwenda na makala, unga na tomsoni kidogo, anakaa saa moja, anatazama macho yao kuliko vyungu vyao, anarudi kutupa habari. Jumamosi ijayo ni zamu ya wamama wa upande wa soko. Makala yapo. Tunatafuta bido moja ya lita 20 yenye kifuniko kizuri, na mtu wa kutengeneza ule mguu wa meza.