Anayesomea Sikio na Ulimi

Mtoto anapozaliwa katika nyumba ya Kiislamu, miongoni mwa mambo ya mwanzo tunayomfanyia ni kumwadhinia sikioni. Baba humwinamia, akamsomea kwa sauti ya chini, na familia ikafurahi kwamba neno la kwanza lililoingia katika sikio la mtoto ni la kumtukuza Mola wake. Ni desturi njema. Lakini ni wangapi kati yetu ambao, baada ya adhana hiyo, tumewahi kujiuliza iwapo sikio lile limesikia?

Swali hili lilinijia mwaka huu kwa sababu ya karatasi moja. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Misigiri, wilayani Iramba, na maombi ya msaada wa masomo hupitia mikononi mwangu. Ombi la mwalimu tulilielewa, la muuguzi tukalielewa. Kisha nikasoma la binti mmoja wa hapa kwetu, mtoto wa mkulima wa alizeti, aliyehitimu madrasa yetu na ambaye sasa yuko katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Anasomea shahada ya audiolojia na tiba ya usemi. Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja akauliza kwa upole: "Katibu, mtoto huyu akimaliza atakuwa nani? Paa la msikiti linavuja. Tumlipie mtu akajifunze kufundisha watu kusema?"

Swali lilikuwa la haki. Mfuko wetu wa elimu hautokani na matajiri. Unatokana na wauza vitunguu, wafuga kuku na mama ntilie wa njia panda ya Kiomboi, na kila shilingi ina mwenyewe mbele ya Mwenyezi Mungu. Nikaomba wiki mbili nijibu kwa ushahidi, nikampigia binti simu. Yeye huniita Ustadh, kwa kuwa nilimfundisha tajwidi alipokuwa mdogo. Niliyoyasikia kwake, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayotaka kuwashirikisha wasomaji.

Kwanza, fani hii ni mbili zilizoungana. Audiolojia ni elimu ya usikivu: kupima masikio, kutafuta kiasi cha upungufu, kumchagulia mgonjwa kifaa cha kusaidia kusikia na kumzoesha kukitumia. Tiba ya usemi humshughulikia mwenye kigugumizi, mwenye kithembe, mtoto aliyechelewa kusema, mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo, aliyezaliwa na mdomo sungura, na aliyepatwa na kiharusi. Jambo lililonishangaza ni kwamba wataalamu hawa hushughulika pia na kumeza. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa na uji kila anaponyweshwa anaweza kuingiwa na chakula katika mapafu na kufa, na mtaalamu wa usemi ndiye anayefundishwa kumpima na kuielekeza familia namna ya kumlisha.

Pili, maisha ya mwanafunzi wake si mepesi. Hujifunza umbile la mwili kama wanafunzi wengine wa tiba, kisha huongezewa fizikia ya sauti, isimu, na ukuaji wa mtoto. Huingia katika chumba kisichopitisha sauti, humvisha mgonjwa vipokea sauti, na kupeleka mlio hafifu, sikio moja baada ya jingine, akiandika kila ulipokomea usikivu. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukadiriwa kuwa na nguvu ya desibeli 60. Aliyepoteza kiasi hicho cha usikivu anaweza kuketi katikati ya darasa letu la madrasa na asipate katika somo ila mvumo.

Binti aliniambia kwamba kazi iliyo ngumu zaidi kwake si anatomia, bali lugha. Vitabu vyake ni vya Kiingereza na wagonjwa wake ni Waswahili. Katika Kiingereza, maneno ya kupimia usikivu aghalabu ni ya silabi moja, ilhali maneno yetu ya kila siku, kama maji, kuku na samaki, yana silabi mbili au zaidi, hivyo orodha ya kigeni haiwezi kutafsiriwa tu ikatumika. Tena mtoto wa huku kwetu husikia Kinyiramba kwa bibi, Kisukuma kwa jirani na Kiswahili shuleni. Kabla ya kusema mtoto huyu ana kasoro ya usemi, mwanafunzi hana budi kuuliza ni lugha ipi inayosemwa nyumbani kwao. Usiku, katika chumba alichopanga na wenzake wawili, hukata picha za vitu vya kwetu, kinu, jembe na kibuyu, ili watoto wanaokuja kliniki wawe na kitu wanachokifahamu cha kukitaja.

Nikamuuliza: "Na tajwidi, imekufaa kitu?" Akacheka. "Ustadh, mhadhara wa kwanza wa matamshi nilihisi nimerudi kwenye jamvi lako." Msomaji aliyepita madrasa atafahamu. Sisi tulifundishwa makhraji ya herufi: kooni, ulimini, midomoni, puani na katika uwazi wa kinywa, na Ibn al-Jazari ameyahesabu kuwa 17. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya pili ya Hijria, alilipanga kamusi lake la Kitab al-Ayn kwa kufuata mahali herufi zinapotokea, akianzia kooni. Basi elimu ya kuchunguza sauti inatoka wapi katika kinywa si ngeni kwetu. Kijana aliyeisoma kwa makini ana mtaji ambao wenzake wengi hawana.

Tatu, wataalamu hawa ni wachache mno. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na Muhimbili ikafuata miaka ya karibuni. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, tiba ambayo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India kuifuata. Lakini upasuaji ni mwanzo tu. Mtoto aliyepandikizwa kifaa husikia kelele asizozielewa, na huhitaji miezi na miaka ya kufundishwa kwamba mlio huu ni mlango na sauti ile ni ya mama. Asipopatikana wa kumfundisha, gharama ile kubwa haizai matunda yake.

Kuna pia jambo linalotuhusu sisi mahsusi. Kupima sikio kunataka vipokea sauti vikae juu ya sikio lenyewe, yaani mtandio uondolewe na hereni zivuliwe. Mafunzo ya usemi hufanyika kwa kutazamana mdomo kwa mdomo, kwa muda mrefu, ndani ya chumba kidogo. Wapo mama zetu watakaoona bora wakae na uziwi wao kuliko kupitia hayo mbele ya mwanamume wa kando. Tukitaka wahudumiwe na mabinti wanaoijua staha yao, basi mabinti hao ni lazima wasomeshwe na mtu.

Nayo kamati ilipokutana tena nikayaeleza haya. Nikamkumbusha mzee wetu kwamba katika Surat Twaha Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi ili watu wafahamu kauli yake, na akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Kuhitaji msaada katika usemi hakukumpunguzia Nabii daraja. Mzee akanyamaza, kisha akamtaja rafiki yake wa miaka mingi, ambaye tangu apatwe na kiharusi hawezi kulitaja jina la mkewe, lakini Alhamdu huisoma mpaka mwisho. Watu wa kijiji waliona ni muujiza. Baadhi walidhani anajifanya. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 1861, tabibu Paul Broca wa Paris alipomchunguza mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu ya kusema, wanazuoni wamejifunza mengi juu ya ubongo na usemi, na kwamba maneno tuliyoyazoea tangu utotoni, kama dua na kuhesabu, mara nyingi husalia hata pale maneno mengine yanapopotea. Mtaalamu wa usemi anaweza kuanzia hapo hapo palipobaki. Mzee akasema: "Mlipieni." Tukapitisha nusu ya alichoomba, kwa ajili ya pango na nauli wakati wa mafunzo ya vitendo. Paa litasubiri mavuno ya alizeti.

Nusu ya pili bado haijapatikana, nami siandiki ili kuiomba kwa wasomaji. Naandika kwa sababu elimu iliyo katika karatasi ile inaweza kumfaa mtoto aliye nyumbani kwako leo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu, na kwamba kwa watoto, asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Usaha unaotoka sikioni hautibiwi kwa kumiminiwa mafuta. Mpeleke mtoto hospitali. Chanjo ya surua na rubela isimpite. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe masikio baada ya kupona. Na mtoto aliyechelewa kusema asikatwe chochote kinywani kwa ushauri wa jirani kabla ya kujulikana kama anasikia.

Wataalamu hupendekeza mtoto apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Kipimo chenyewe hakimsumbui. Mwaka 1978 Mwingereza David Kemp alibainisha kwamba sikio la ndani lililo zima hutoa sauti hafifu ya kwake linapopelekewa mlio. Kwa hiyo mtoto hupimwa amelala, kwa kifaa kidogo kinachowekwa mlangoni mwa sikio. Palipo mbali na kipimo hicho, mzazi awe macho: mtoto wa miezi sita ageukie sauti, wa mwaka mmoja awe na neno moja au mawili, wa miaka miwili aunganishe maneno.

Kwa walimu wenzangu wa madrasa nina ombi la pekee. Mtoto asiyeitika anapoitwa, anayekosea herufi zilezile kila siku, anayetazama mdomo wako badala ya msahafu, usiharakishe kumwita mtukutu, na fimbo iweke chini. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida, uone. Akikosa kugeuka, mwite mzazi wake jioni hiyo hiyo.

Na kwa vijana wa kidato cha sita wa mchepuo wa sayansi wanaosoma ukurasa huu kwa wazazi wao: mnapojaza maombi ya vyuo, msiipite fani hii kwa sababu jirani hajui kuitamka.