Ndege Asiyetaga Uani

Wenzangu wengi wanajua kwamba tausi huweza kufugwa uani na akazaa. Jike hutafuta mahali penye majani, hufukua kishimo kidogo, hutaga mayai 4 hadi 6, kisha huyaatamia peke yake siku 28 hivi, na huku dume anawaringia majike wengine kwa mkia wake. Tausi wa Ikulu ya Tanzania waliongezeka hata mwezi wa Mei 2020 Rais Magufuli akawapa marais wastaafu zawadi ya tausi 25 kila mmoja.

Sisi wa Kigali tulikuwa na ndege wetu wa uani, naye ni umusambi, ambaye kwa Kiswahili huitwa korongo taji. Karibu na Sonatubes, njia panda iliyopata jina lake kwa kiwanda cha mabomba, jirani yetu mmoja alikuwa nao wawili. Sote tulimwita Mzee. Ndege hao waliletwa wangali makinda, wakakatwa mabawa wasiruke. Watu walipenda kuwa na umusambi nyumbani kwa sababu kwetu ni alama ya utajiri na maisha marefu.

Kila masika Mzee alirundika majani makavu pembeni mwa ukuta, nasi watoto tukaenda kuchungulia.

“Mzee, mbona hawatagi?”

“Subiri, mwanangu. Labda mvua ijayo.”

Mvua zilikuja zikapita. Majani yakaoza, yakawekwa mengine.

Umusambi si kama tausi. Hujenga kiota ndani ya kinamasi, kati ya matete, ili maji yamzuie adui. Jike hutaga mayai 2 au 3, mara chache 4, na mume humpokea zamu ya kuatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Tena hawa huoana wawili wawili, wakakaa pamoja mwaka hata mwaka, na hucheza ngoma yao wakirukaruka na kukunjua mabawa. Aliyekatwa mabawa atachezaje? Zaidi ya hayo, dume na jike wana sura moja. Yawezekana Mzee alikuwa akingojea mayai kwa madume mawili! Katika bustani kubwa za wanyama ng'ambo hutaga, lakini huko wana nafasi, na jozi zao huchaguliwa na wenye ujuzi.

Basi hapo ndipo penye hasara. Tausi wa uani huzaa tausi wengine, bali umusambi wa uani akifa, mwenyewe humtafuta mwingine, naye hutoka kinamasini. Hivyo watu waliompenda kuliko wote ndio waliokuwa wakimmaliza, na vinamasi navyo vilikuwa vikipungua. Chini yetu bondeni, Gikondo, palijengwa viwanda katikati ya kinamasi, na baadaye Serikali ikaamua kuviondoa.

Mwaka 2014 daktari wa mifugo, Bwana Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwarudisha ndege hao porini akishirikiana na Serikali. Wenye ndege waliombwa wawatangaze, wasiadhibiwe. Mzee alikasirika sana. “Nimewalisha miaka 6 kwa mahindi yangu, leo naitwa mwizi?” Hakuna aliyemwita hivyo, lakini ilichukua wiki kadhaa kabla hajakubali, na siku walipochukuliwa hakutoka chumbani.

Wenye afya walipelekwa Mbuga ya Akagera. Wasioweza kuruka tena walipata makao ya Umusambi Village, hapa hapa Kigali, palipofunguliwa mwaka 2021. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata imisambi 487 porini nchini mwetu, na ya mwaka 2021 ikapata 881.

Likizo iliyopita nilimsindikiza Mzee huko. Alisimama kando ya maji kwa muda mrefu, akiwaita kwa mluzi wake wa zamani. Mmoja aliinua kichwa, lakini hatukuweza kujua kama ndiye. Siku hizi Mzee anafuga bata, nao wanataga hata jirani zake tumechoka kupewa mayai.