Chanjo Ndani ya Chupa ya Chai

Mwaka 2003 tuliishi katika kijiji kimoja kati ya Mugumu na Nata, wilaya ya Serengeti, baba akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa nchi ya vumbi, ng'ombe na mbwa. Kila boma lenye mifugo lilikuwa na mbwa watatu, wanne, hata watano, na sababu haikuhitaji maelezo: usiku kulikuwa na fisi, na kulikuwa na wezi wa ng'ombe. Mbwa hao walilala nje, walikula makombo ya ugali wa mtama, na asubuhi waliongozana na vijana hadi machungani. Hakuna aliyewafunga kamba. Majina yao yalikuwa yale yale boma hadi boma: Simba, Chui, Popi, Polisi.

Aliyeniuma mimi alikuwa Polisi wa jirani yetu. Nilimjua tangu mdogo; jioni nikienda kuchukua maziwa alinisindikiza hadi njia panda huku akinusa kidumu. Wiki ile alitoweka siku mbili tatu, na hakuna aliyejali, maana mbwa dume hupotea akifuata majike. Aliporudi alitokea njia ya mtoni, taya limelegea, mate yanachuruzika, anatembea kama mtu mwenye safari yake asiyetaka kusalimiwa. Hakubweka. Mbwa mzima akitaka kukuuma hukuonya kwanza. Huyu alinipita, akageuka, akaning'ata kwenye shavu la mguu wa kushoto, akaachia, akaendelea na njia yake. Hatua chache mbele akamuuma puani ndama aliyefungwa kwenye mti. Vijana walimkimbiza na marungu wakammaliza karibu na kisima.

Kabla sijanyamaza, uwanja ulikuwa umejaa watu, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza alisema nipakwe pilipili iliyotwangwa ili itoe sumu. Wa pili alitaka mafuta ya taa. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alishauri zikatwe nywele za mbwa yule yule, zichomwe, majivu yake yasiribwe kwenye kidonda. Kijana alikuwa ameshatumwa kisimani na wembe mkononi ndipo akatokea Mama Nesi.

Alikuwa amestaafu miaka mingi na wakati huo aliuza maandazi, lakini jina la kazi lilikuwa halijamtoka. Hakubishana na mtu. Alimwendea yule mzee kwanza, akamwamkia, akasubiri kuitikiwa, kisha akamwambia kwa upole, "Hizo nywele zinakuja, mzee wangu. Naomba maji kwanza."

Alinikalisha kwenye kigoda, akamwamuru kaka yangu amimine maji kwa jagi polepole bila kukatiza. Mkononi alikuwa na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia. Meno ya Polisi yalikuwa yameacha matundu mawili na mchaniko mmoja wa urefu wa kidole. Mama Nesi alilipekua kila tundu kwa kidole gumba, akilisukumia povu ndani, akilisuuza, akirudia. Nilipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Ndoo ya kwanza iliisha, akaitisha ya pili.

"Bado haijatosha, mama?" mama yangu aliuliza, machozi yanamlengalenga.

"Bado, mwanangu. Huyu mdudu anaogopa sabuni. Mwacheni mtoto alie, hii ndiyo dawa yake ya kwanza."

Alikuwa sahihi kuliko sisi sote tulivyojua. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ndiyo maana wataalamu wanataka kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Alipomaliza alikifunika kidonda kwa kitambaa safi bila kukikaza, akakataza kisishonwe. Kisha akamgeukia baba: "Mwalimu, sasa tafuta sindano. Usingoje kesho kutwa."

Hapo ndipo safari yetu ilipoanza. Kituo cha kwanza walikuwa na sindano ya pepopunda tu, nikachomwa hiyo. Kituo cha pili waliangalia jokofu wakatikisa vichwa. Huo haukuwa uzembe wa vituo viwili. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa adimu vijijini kote, na palipopatikana mara nyingi mgonjwa aliinunua mwenyewe. Bei ya dozi kamili ilikaribia kumaliza mshahara wa baba wa mwezi, na mshahara wenyewe ulikuwa haujafika. Jirani, mwenye Polisi, alileta mbuzi wawili bila kuombwa. Waliuzwa mnadani, na kesho yake tukapanda basi la Musoma.

Ndani ya basi hofu yangu haikuwa kichaa, ilikuwa sindano. Wenzangu wa darasa la tatu walikuwa wamenihakikishia kwamba nitachomwa ishirini na moja, zote kitovuni. Hawakuzua, wazee wao walipitia hayo kweli. Chanjo ya zamani ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama, ikachomwa tumboni siku baada ya siku, na ilikuwa na maumivu na madhara yake. Daktari aliyenipokea Musoma alicheka nilipoinua shati na kufumba macho. Alinishika bega, akanichoma mkononi, na sindano ikawa imekwisha kabla sijapata sababu ya kulia. Alimweleza baba ratiba: siku ya kwanza ya matibabu ambayo wenyewe huiita siku ya 0, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kuruka hata moja ni kucheza na roho.

Swali likawa nauli. Baba hakuwa na uwezo wa kunipeleka Musoma na kunirudisha kila sindano ilipowadia. Akanunua dozi zilizobaki zote, na nesi wa pale akamfundisha namna ya kuzisafirisha: ziwe baridi, lakini zisigande, maana chanjo iliyoganda ni maji tu. Dukani tukapata chupa ya chai, nyekundu, yenye picha ya waridi. Chini nesi aliweka vipande vya barafu, juu yake kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kisha zile chupa ndogo zilizoviringishwa kwenye pamba, kitambaa kingine, kifuniko. Baba aliipakata chupa ile tangu Musoma hadi nyumbani. Konda alipotaka kuiweka kwenye keria, baba, mtu asiyejua kugomba, alimkemea hadi basi zima likageuka. Chanjo ililala kwenye jokofu la mafuta ya taa la zahanati, pamoja na chanjo za watoto wachanga, na siku ikifika nilikwenda kuchomwa kwa miguu.

Kidonda kilifunga, nikarudi shuleni, na watu wakaanza kusema kwamba mwalimu alitupa fedha bure, mbwa alikuwa na njaa tu. Kama mwezi hivi baada ya tukio, ndama akajibu. Alianza kulia usiku kwa sauti nzito ya kukwaruza isiyokuwa yake, hakulala, hakunyonya, mate yakining'inia hadi kifuani. Alipigana na mti aliofungwa. Akafa. Kirusi hiki hupanda kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo, na kutoka puani safari ni fupi; kutoka shavu la mguu ni ndefu, nami wakati huo nilikuwa na kinga tayari. Walikuwapo waliotaka nyama. Bwana mifugo alikuja na baiskeli yake, akasimamia shimo refu lichimbwe, ndama akafukiwa mzima na ngozi yake. Jioni ile mama yangu alipeleka sukari kilo mbili kwa Mama Nesi na hakuna aliyeuliza ya nini.

Ni bwana mifugo huyo aliyetueleza kwa nini magari ya chanjo ya mbwa yalikuwa yakizunguka vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi ya simba, na kichaa nacho kilikuwa kimewaua mbwa mwitu. Chanja mbwa wa kijijini, alisema, utawaokoa simba, ndama na mtoto wa mwalimu kwa mkupuo mmoja. Gari lilipofika safari iliyofuata, uwanja wa shule ulijaa watoto wanaoburuta mbwa kwa kamba za katani, mbwa wasiowahi kufungwa maishani mwao. Jirani yetu alikuwa wa kwanza kwenye foleni na mbwa wake wote waliobaki.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto aliyeumwa na mbwa, Julai 1885. Meister alikuwa na miaka tisa, umri wangu mimi siku ya Polisi. Baada ya miaka 118 dawa hiyo ilikuwa bado inasafirishwa kwa mbuzi wawili na chupa ya chai. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, na wengi wa marehemu hao ni watoto wa vijijini. Dunia nzima hukadiriwa kupoteza watu 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa ambao dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, na ambao kabla ya dalili huzuilika karibu kila mara. Wala si kudra isiyo na dawa. Mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa huchanjwa kila mwaka, ugonjwa hukatika. Pemba wamelithibitisha hilo.

Basi nawaomba mnaosoma haya, hasa mlio mbali na hospitali. Mbwa akimuuma mtu, hata akiwa mbwa wa nyumbani, hata kikwaruzo tu, sabuni na maji kwanza, robo saa nzima. Pilipili, mafuta ya taa na nywele za mbwa ziacheni. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mkianza sindano msiziache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Gari la chanjo likifika kijijini, mpeleke mbwa wako. Na wenye madaraka ya bajeti wajue kwamba si kila mtoto ana jirani wa kuuza mbuzi wawili.